Matanga ya Bwana Funguo

Katika ploti ya Waithaka pale Kawangware, mfereji ulifungwa saa kumi ya jioni, na saa kumi ya Khamala haikuwa na mkia. Ungeweza kufika na ndoo yako, mtoto nyumbani ana povu kichwani, ukamkuta Khamala ameshatia kufuli kwenye bomba na anaondoka zake polepole, funguo zikilia kiunoni. Ungemwita, naye angesimama akusikilize mpaka mwisho, maana hakuwa mtu wa kiburi. Kisha angesema, "Mfereji umefungwa," kana kwamba aliyeufunga ni mtu mwingine aliyepita tu hapo. Ukijaribu kumbembeleza kwamba leo akufungulie na kesho utawahi, hapo uso wake ulijikunja. Neno kesho hakulipenda. Takataka za kutoa, bawaba iliyovunjika, kamba ya nguo iliyokatika, vyote kwake vilikuwa vya leo.

Kazi yake ilikuwa kuitunza ploti hiyo, vyumba vya mabati vilivyozunguka ua mmoja, kwa niaba ya Waithaka mwenye nyumba. Wapangaji wengi walitoka Magharibi, na Khamala mwenyewe alitoka huko huko, karibu na Chwele. Walipohamia walifurahi. Walisema wamepata mtu wao. Furaha hiyo ilidumu mpaka saa kumi ya siku ya kwanza. Kufungiwa maji na mgeni ungelalamika ukasahau, lakini kufungiwa na mtu mnayeongea naye lugha moja ni jambo la kulala nalo moyoni, na wapangaji wa Waithaka walilala nalo kwa miaka.

Hakuna aliyejua habari zake. Hakuwa na mke, au kama alikuwa naye hakumtaja. Wenzake walikwenda nyumbani Krismasi na kurudi na kuku na ndizi. Yeye alibaki akilinda ploti tupu. Ukimwuliza kwao ni kwa nani, angekuambia, "Ni mbali," na mazungumzo yangeishia hapo. Watu wakaamua hana habari zozote, kwamba alizaliwa tu vile, mtu mzima, na funguo kiunoni.

Sasa mwaka ule wa njaa, wa unga wa njano, Waithaka alinunua televisheni. Aliiweka katika chumba cha mbele, chumba cha duka ambacho hakikuwahi kupata mpangaji, akapanga mabenchi, na ufunguo akamkabidhi nani tena kama si Khamala. Kila Jumapili saa kumi na mbili jioni kilikuwapo kisa kimoja cha Wazungu ambacho jina lake hakuna aliyeliweza, kwa hiyo pale Kawangware kiliitwa "Moto". Dunia yote imeungua kwa mabomu makubwa. Waliosalia wanaishi ndani ya njia ya garimoshi iliyochimbwa chini ya mlima, na huko chini chakula na maji vimo katika stoo moja, na stoo hiyo ina mtu mmoja mwenye funguo, mzee wa Kizungu mwenye mguu mbovu. Tangu siku alipomnyima maji mama aliyebeba mtoto, Kawangware nzima ilimchukia. Walimwita Bwana Funguo.

Haikuchukua wiki mbili kabla jina hilo halijaruka kutoka kwenye kioo likatua kwa Khamala.

Alijua. Aliketi palepale mlangoni, juu ya kreti la soda, na kila mzee yule alipotokea akichechemea, vichwa kwenye mabenchi viligeuka kidogo kumtazama yeye, kisha vikarudi mbele. Khamala alikuwa akimtazama yule mzee kwa makini kuliko wote, na jambo hilo hakuna aliyeliona.

Kisa kilikuwa cha Kiingereza, na mfasiri alikuwa Shiundu, mtu wa makamo aliyekuja kwa miguu kutoka Kianda, kule Kibera, kila Jumapili, ili apate chai na kiti cha mbele. Shiundu aliwahi kuwa mpishi wa Wazungu. Alisimama kando ya televisheni na fimbo, akawasemea wote, mwanamume kwa sauti nene na mwanamke kwa sauti nyembamba. Kiingereza chake kilikuwa cha jikoni. Palipotajwa chakula hakukosea hata neno. Palipotajwa siasa au mapenzi alibahatisha, na akikwama alisema, "Hapa wanagombana tu," kisa kikaendelea.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa nane, kisa kilianza vibaya. Alitokea kijana wa Kizungu amevaa kofia ya dereva wa garimoshi, anacheka, anakimbia kwenye jukwaa la stesheni. Anakimbia! Watu wakatazamana. Uso ulikuwa ule ule.

"Hiyo si Bwana Funguo?" akauliza Oketch, mwashi wa chumba cha karibu na choo, mtu mwenye sauti ya kuita watu juu ya ghorofa. "Mbona hachechemei? Hawa wamekosea kanda!"

"Wameweka ya zamani," mwingine akasema. "Shiundu, waambie waitoe."

"Niwaambie kupitia wapi, ndani ya kioo?" Shiundu akajibu. Lakini naye alikuwa amechanganyikiwa, fimbo imebaki hewani. "Ngojeni. Wanasema... ni yeye. Ni yeye akiwa kijana. Anasema amepata kazi ya garimoshi. Sasa wanakula. Kuku wa kuoka, viazi, mchuzi wa vitunguu."

Wakamwona anaoa. Wakamwona anamfundisha mkewe kupuliza honi ya garimoshi, na yule mke anashtuka mpaka kofia inaanguka, na chumba kizima kikacheka naye bila kutaka. Kisha mbingu ikawa nyeupe, watu wakakimbilia chini ya mlima, na kijana yule akashika mlango mkubwa wa chuma. Mkewe yuko ndani anamwomba aufunge.

"Mke anasema, funga," Shiundu akafasiri, sauti nyembamba ikitetemeka. "Mume anasema, kuna watu wanakuja. Wamesema wanakuja. Nitangoja kidogo."

Akangoja. Hakuna aliyekuja. Kilichokuja ni moshi, na walipomwonyesha tena kijana yule alikuwa ameketi chini, mguu umevunjwa na mlango aliouburuta akiwa amechelewa, na mke amelala mapajani pake, na wengine wamelala kote nyuma yake. Kisa kikaishia hapo.

Televisheni ikazimwa.

Aliyeanza kusema ni Musimbi. Huyu alikuwa mama mtu mzima kutoka Maragoli, aliyefuma vitambaa vya meza mchana kutwa na kuviuza kwa akina mama wa maofisini, lakini sifa yake halisi ilikuwa matanga. Mtu wa Magharibi akifa Kawangware, hata Kibera, kabla mwili haujapakiwa garini kupelekwa nyumbani Musimbi alisimama akamsimulia: alizaliwa lini, nani alimlea, alifanya kazi gani, aliwapenda akina nani, aliwaudhi akina nani. Hakudanganya wala hakuumiza. Akimaliza, hata waliokuwa na kinyongo walishika jeneza.

"Basi amekufa," Musimbi akasema.

"Nani amekufa?" Waithaka akauliza kutoka kiti chake cha mto. "Ni mke yake alikufa. Yeye wametuonyesha tu maneno yake ya zamani. Mtamuona Jumapili ingine."

"Waithaka, wewe ni mzee wa ploti, maneno ya ploti unajua. Haya niachie. Mtu akianza kuelezwa vile alizaliwa, vile alioa, vile aliteseka, hiyo ni historia ya marehemu. Kwani umewahi kusikia historia ya mtu ambaye anatembea?"

"Kweli," watu wakasema. "Hiyo ni kweli kabisa."

"Ni sinema!" Waithaka akasema.

"Hata kwa sinema watu wanazikwa," Oketch akasema kwa huzuni.

Waithaka akatupa mikono juu akaenda kwake kula. Na wapangaji, usidhani walikuwa wajinga, walijua vizuri kwamba yule ni Mzungu wa kwenye kioo na kwamba analipwa. Lakini walikuwa wamemtukana tangu mwaka uanze, na sasa walijisikia vibaya, na watu hawa wakijisikia vibaya juu ya mtu wana njia moja tu ya kulimaliza jambo. Wakatoka uani. Kila mlango ukatoa sukari kidogo, jambo si dogo mwaka ule, chai ikachemshwa, na Musimbi akasimama kwenye ngazi ya chumba chake.

"Wewe mzee," akaanza, "jina lako hatulijui kwa sababu Shiundu hawezi kulitamka." Wakacheka, na Shiundu akacheka pia. "Tulikuita Bwana Funguo. Tulisema umezaliwa na roho ya jiwe. Hatukujua ulikuwa na mke mwenye kofia. Hatukujua kwamba siku moja ulishikilia mlango wazi ukingoja watu, na watu wako wakafa kwa sababu ya wema wako. Ungetuambia mapema tungekuchukia kidogo tu. Pole, baba. Nenda polepole."

Matanga hayo yalianza kama mzaha, lakini wanawake wawili watatu walikuwa wanalia kweli, na Oketch alijifuta pua kwa kofia yake ya kazi.

Khamala alikuwa langoni. Alisikia yote. Aliona watu wanaomchukia wakimlilia kivuli cha kwenye kioo, wakikipa hata sukari yao, na alimwonea wivu mzee yule. Hili nalisema wazi kwa sababu ndilo lililokuwa. Wivu mtupu, wa mtu mzima mwenye mvi.

Kulikuwa na sababu. Baridi ya mwezi wa saba ilimwingia kifuani, akaenda zahanati, na daktari mmoja kijana akamwambia, kwa upole tu, kwamba moyo wake umechoka na asibebe vitu vizito. Khamala alirudi akafunga mfereji saa kumi kama kawaida. Lakini tangu siku hiyo alianza kujiuliza, akilala na akiamka: nikienda, Musimbi atasimama kwenye ngazi ile aseme nini? Alikuwa amemsikia akimsimulia seremala mlevi wa chumba cha pembeni mpaka mlevi akawa mtu. Kwa seremala alikuwa na la kusema. Na kwake? Alikuwa akifunga mfereji. Basi. Historia yote ya Khamala ingekuwa fupi kuliko kufungua na kufunga kufuli, na asingekuwapo mtu wa kuongeza hata neno, maana watu hawajui, na waliojua wako mbali au wako chini. Kufa hakukumtisha sana. Kilichomtisha ni hicho.

Kesho yake asubuhi alimfuata Musimbi mlangoni kwake. Musimbi alidhani amekuja kugomba juu ya maji ya nguo yaliyomwagika njiani, akajiandaa.

"Hayo maji nitafagia, Khamala. Usianze."

"Sio maji." Alisimama, funguo ameziziba kwa mkono zisilie. "Mama, mimi nilikuwa nataka nikwambie mambo yangu. Vile nilizaliwa, vile nilikuja huku. Kidogo tu. Ndio siku nikienda, uwe na kitu ya kusema."

Sindano ya kufumia ikasimama. Musimbi akamtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Uko mgonjwa?"

"Siko vibaya sana."

"Na unataka nikusimulie ukiwa unapumua?"

"Usinisimulie. Unisikilize tu, uweke."

"Ni kitu kimoja!" Musimbi akasimama, kitambaa kikaanguka mavumbini. "Mtu mzima unakuja kwa mlango wangu asubuhi na historia yako mkononi! Hiyo ni kujiita. Nikiisikia leo, wiki ijayo niseme niliita kifo yako mimi? Hapana, baba. Nenda kwa watu wenu, wao ndio wataniletea maneno siku ikifika."

"Sina watu."

"Kila mtu ana watu."

Khamala akaokota kile kitambaa, akakikung'uta vumbi, akamrudishia, akaenda zake. Hakukasirika. Alijua mila hiyo hata yeye, na ingekuwa ni yeye ameombwa angekataa vilevile. Wiki ile alifanya kazi zake zote, akanyoosha bati lililokuwa likipiga kelele juu ya chumba cha Oketch, akafunga mfereji saa kumi. Ila alizeeka. Waithaka aliliona hilo akamwambia apumzike, na Khamala akamjibu kwamba kupumzika kutakuwapo kwingi.

Jumapili ikafika na chumba kikajaa kuliko siku zote. Hata watu wa ploti jirani walikuja kuona nani atapewa funguo baada ya marehemu. Wengine walisema ni yule mama aliyenyimwa maji, wengine walisema ni nduguye marehemu ambaye hajatokea bado. Shiundu akashika fimbo. Muziki ukalia, njia ya garimoshi ikaonekana, giza, taa, na kutoka gizani, mguu mbovu ukiburutwa na funguo zikining'inia, akaja Bwana Funguo.

Kelele zilizotoka mle ndani zilimleta mke wa Waithaka mbio na mwiko mkononi.

"Yuko hai!"

"Huyu mzee amekula sukari yetu!" Oketch alikuwa amesimama juu ya benchi. "Sukari ya mwaka wa njaa! Tumekuzika, wewe! Tumekulilia!"

"Nilisema," Waithaka akasema. "Mimi si nilisema?"

Na Bwana Funguo, asijue lolote kuhusu Kawangware, akaenda moja kwa moja kwenye stoo na kumnyima mtu maji. Kwa mazoea watu walifungua midomo kumtukana. Matusi yakatoka, lakini yalitoka madogo, yasiyo na chumvi. Mama mmoja alisema, "Aaa, mzee, si ungempa hata kikombe," kwa sauti ya kumwambia mjomba. Hasira ya kweli haikurudi. Watazamaji walibaki wameketi naye, wamemkasirikia na kumhurumia kwa pamoja, nalo ni jambo la kuchosha.

Musimbi alimtazama mzee yule kwenye kioo, mguu ule, mkono ule juu ya kufuli. Kisha akageuka kwenye benchi lake, si kidogo kama wengine walivyozoea, bali mzima mzima, akamtazama Khamala pale mlangoni mpaka Khamala akainamisha macho.

Mchana wa Jumatatu Khamala alikuwa langoni akitia mafuta bawaba. Aliona kivuli, akainua kichwa. Musimbi alikuwa amekuja na kigoda chake na kitambaa chake, akaketi bila kukaribishwa.

"Amesimuliwa yote," Musimbi akasema, akitafuta tundu la kuingiza sindano. "Mke wake, kazi yake, hata mguu. Mimi mwenyewe nikamalizia. Na jana alikuwa anachechemea vizuri kabisa. Sasa nimefikiria usiku wote nikaona hiyo kitu haiui mtu. Haya, sema."

Khamala akaweka chini kopo la mafuta. Wiki nzima alikuwa amepanga maneno, na sasa yote yalimkimbia. Akaanza popote. Alizaliwa wa kwanza. Baba alikufa mapema, akawalea wadogo zake pamoja na mama. Alikuja Nairobi mwaka wa pili baada ya Uhuru, akafanya kazi ya kuchimba mitaro, kisha ya kulinda. Mdogo wake Wesonga akamfuata, wakapanga chumba kimoja Kianda. Musimbi aliitikia, "Eee," kila alipopumua, kama anavyoitikia msikilizaji mzuri, na sindano ilikwenda.

"Wesonga alishikwa na mapafu," Khamala akasema. "Wiki moja tu. Akaenda."

"Pole."

"Jirani yetu alikuwa na pikapu, ya kubeba makaa. Akanishika mkono akaniambia, usisumbuke, mimi nitampeleka mpaka nyumbani. Kesho asubuhi tunatoka. Nikatuma habari, wachimbe kaburi, tunakuja. Wakachimba. Asubuhi nikasimama barabarani na jeneza. Jirani hakuja. Jioni akaniambia gari iko na shida, kesho. Kesho yake, kesho. Mimi nilikuwa naamini, mama. Mpaka mwili ukakataa kungoja."

Sindano ilikuwa imesimama tena.

"Ukampeleka wapi?"

"Lang'ata."

Kwa mtu wa kwingine neno hilo ni jina tu la makaburi ya mji. Musimbi alivuta pumzi. Mtu wao kulazwa katika udongo wa kukodi, mama yake yuko hai na kaburi limechimbwa nyumbani, hilo aliwahi kulisikia likisemwa kwa kunong'ona tu.

"Na ile kaburi ya nyumbani?"

"Unajua haiwezi kuachwa wazi." Khamala alikuwa akitazama mikono yake. "Walikata mgomba. Wakauzika badala yake. Waliniambia mama aliufunika na shuka ya Wesonga, akasimama hapo akitazama. Halafu akatuma mtu aniulize: mwenye alizikwa Nairobi ni nani, na mwenye amezikwa hapa ni nani? Sikuwa na jibu. Mpaka mama mwenyewe akazikwa, sikuwa na jibu. Ningerudi kwa hiyo boma na uso gani?"

Mama mmoja aliyekuwa akianika nguo alikuwa ameacha kuanika.

Musimbi alikunja kitambaa chake taratibu, akakiweka mapajani. Alikuwa amekuja kumsikiliza mtu mmoja, na amemkuta mwingine amesimama nyuma yake.

"Khamala. Pale Lang'ata, nani alimsimulia ndugu yako?"

"Hakuna."

"Hata neno moja?"

"Tulikuwa mimi na wachimba kaburi. Mimi mdomo haukufunguka. Wao hawakumjua."

"Na nyumbani?"

"Mgomba utasimuliwa nini?"

"Basi miaka hii yote," Musimbi akasema polepole, "huyo mtoto hajasemwa popote."

Khamala akatikisa kichwa. Hapo ndipo machozi yalipomshuka, na hakuyafuta, na hakuna aliyemwona Khamala akilia ambaye baadaye aliweza kulieleza kwa mzaha, hata Oketch. Na asidhani mtu kwamba tangu siku hiyo alilainika. Mfereji uliendelea kufungwa saa kumi, na watu waliendelea kunung'unika mpaka mwisho wake. Lakini jina la Bwana Funguo halikuitwa tena katika ploti ile, na Krismasi iliyofuata kulikuwa na ndizi mlangoni pake kutoka vyumba vinne.

Musimbi akainuka. Akakichukua kigoda chake, akakiweka katikati ya ua mahali pa kuketi mfiwa, akamshika Khamala mkono akamketisha. Kisha akaita mlango hadi mlango kwa sauti yake ya matanga.

"Tokeni! Zimeni redio! Oketch, amka, kuna kilio hapa."

Oketch, ambaye hakuwa na kazi siku hiyo, alitoka na fulana, kiatu kimoja mguuni. Akamwona Khamala katikati ya ua, akaona uso wake, akaenda mwenyewe kuleta benchi kutoka chumba cha televisheni. Wengine wakatoka, wanawake na vitambaa kichwani, wakaketi chini bila kuambiwa.

"Tumefiwa na nani?" Oketch akauliza kwa sauti ya chini.

"Wesonga, mdogo wake Khamala."

"Woi. Amekufa lini?"

Musimbi akawatazama wote.

"Kwetu sisi, ni leo," akasema. "Mimi simjui, kwa hiyo leo sitasema. Leo atasema mwenye anamjua."

Khamala akasimama kutoka kwenye kigoda. Alihangaika mahali pa kuweka mikono yake, mwishowe akaiacha ining'inie.

"Wesonga alizaliwa mwaka wa nzige," akasema. "Jua lilifichwa, na mama akamfunika na ungo, akaniambia mimi nikae hapo nikimlinda, nisitoke."

"Eee," watu wakaitikia.

"Na mimi nikakaa."